Hakuna Anayetaka Mlangoni

Kichochoro cha nyuma ya lile jengo la ghorofa tatu ni chembamba kiasi kwamba gari likishaingia halina ruhusa ya kujuta. Linaingilia mtaa wa nyuma, linapita nafasi tatu za kuegesha zilizochorwa ubavuni mwa ukuta, kisha linatokea barabara kuu. Kurudi nyuma hakuna. Nafasi ya kwanza inaitwa Mlangoni, ya pili Bombani, ya tatu Kivulini. Baada ya Kivulini, kabla gari halijatoka, kuna jiko la mkaa, birika la kahawa na benchi la miguu mitatu. Mguu wa nne ni tofali. Hapo hukaa watu wanne. Yupo Shangazi, mpika kahawa, ambaye ni shangazi wa mtaa mzima. Yupo Mita, fundi cherehani, mwenye pini kwenye ukosi na goti linalolalamika kuliko yeye. Yupo Rivasi, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo siku aliyojaribu kurudi kinyumenyume humo kichochoroni akaacha vioo viwili ukutani. Na yupo Kamishna, mlinzi wa magari, mwenye kofia na filimbi, ingawa filimbi yenyewe haijawahi kusikilizwa na mtu.

Asubuhi hiyo Kamishna hakukaa. Alichuchumaa mbele ya benchi, amechora viboksi vitatu chini kwa chaki ya Mita, anasukuma vizibo vitatu vya soda kama mtoto aliyesusa chakula.

– Kamishna, kahawa inapoa, Shangazi akasema.

– Iache ipoe, Shangazi. Leo haipiti kooni.

– Koo lako limekwenda wapi?

– Liko juu, kwa Mama Ghorofa.

Hakuna aliyecheka, maana jana wote walikuwepo. Jana Daktari wa Meno, mpangaji wa ghorofa ya pili, alifika wa tatu. Wa kwanza alikuwa amejichagulia Bombani, wa pili Kivulini. Daktari naye roho yake ilikuwa Kivulini. Akapita Mlangoni pakiwa patupu, hata hakupatazama, akapita Bombani, akakuta Kivulini pamejaa, na kwa kuwa kurudi hakuna, kichochoro kikamtema barabara kuu. Akazunguka mtaa mzima kwenye foleni. Alipofika juu, mgonjwa wake alikuwa amekaa mdomo wazi mpaka ulimi umekauka. Mama Ghorofa, mwenye jengo, akatoka kwenye roshani akatoa hukumu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: kesho fundi anakuja, benchi linaondoka, inachorwa nafasi ya nne.

Kwa wenzake benchi lilikuwa benchi tu. Mita ana kiti dukani, Rivasi ana kochi nyumbani, Shangazi anaweza kujitwika jiko lake akahamia kona nyingine. Kamishna analala chini ya ngazi za jengo lile. Humo ndani kuna kitanda, misumari miwili, mmoja wa shati na mmoja wa kofia, na sehemu ya kugeukia. Hakuna mahali pa kumwambia mgeni karibu ukae. Binti yake akija kumtazama na mtoto mgongoni, humkaribisha pale benchini, na Shangazi humpa kile kikombe kisicho na ufa. Benchi ndilo sebule yake. Hakuwahi kumwambia mtu hivyo, na hakukusudia kuanza leo.

– Nataka nikamwoneshe Mama Ghorofa kwamba nafasi tatu zinatosha, akasema. – Tazameni. Magari matatu, yanaingia moja moja. Kila dereva ana nafasi yake ya moyoni. Akiikuta tupu, anaegesha. Akiikuta imejaa, anasogea mbele mpaka apate tupu. Asipopata, anatemwa.

– Hayo tunayaona kila siku, bwana, Rivasi akasema. – Unatufundisha kupumua?

– Subiri, mzee wangu. Matamanio ya madereva watatu yanaweza kupangika namna ishirini na saba. Nimeyapitia yote tangu alfajiri. Kumi na sita, wote wanaingia bila ugomvi.

– Na zilizobaki?

Kamishna akasogeza kizibo ambacho hakikuhitaji kusogezwa.

– Kumi na moja. Kuna mtu anatemwa.

– Kumi na moja ni nyingi, ndugu yangu, Rivasi akasema. – Mpelekee Mama Ghorofa hesabu hiyo, atang'oa na jiko.

– Na ukuta, Shangazi akaongeza, akimimina. Leo zamu ya birika ilikuwa yake, na alimimina kama mtu anayeaga.

Mita alikuwa ameshika ukosi wa koti lake, anapapasa pini.

– Umesema ngapi zinazoingia?

– Kumi na sita.

– Hebu rudia, kaka.

– Mita, goti limepanda masikioni? Kumi na sita.

– Basi hesabu hizi pini.

Hapo ni lazima kueleza utaratibu wa benchi. Kazi ya Shangazi ni kupika. Kumimina ni zamu. Anayekaa karibu na birika ndiye anayewamiminia wenzake. Birika likiisha, kila mtu anasogea kiti kimoja kuelekea birika, na aliyekuwa akimimina anakwenda mwisho kabisa. Lakini hawawezi kusogea wote kwa pamoja. Wakinyanyuka watatu, lile benchi la tofali linainuka upande mmoja kama punda aliyekataa mzigo. Rivasi alishamwagiwa kahawa mapajani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo wananyanyuka wawili tu, wanabadilishana, wanakaa, wawili wengine, wanakaa, wawili tena. Mara tatu, hazipungui. Ila nani aanze na nani, hapo ndipo kelele zilipo, kwa sababu ya goti la Mita. Kipindi cha mvua, biashara ilipolala, walijaribu kila namna, na kwa kila namna mpya Mita akachoma pini moja ukosini. Hakuzitoa tena. Wateja wake walidhani ni mtindo.

Kamishna akazihesabu kwa kidole. Akazihesabu tena kutoka upande wa pili.

– Kumi na sita, akasema polepole.

– Sasa? Rivasi akasema. – Hata mimi nina meno kumi na sita. Tuseme nayo yanaegesha magari?

– Hilo kamuulize Daktari, Shangazi akamjibu. – Hebu tupunguze. Tuseme nafasi ni mbili na magari mawili. Kamishna, sukuma vizibo.

Kamishna akasukuma. Namna zilikuwa nne tu. Moja ilikwama: wote wawili wakitaka ya mwisho. Tatu zikapita.

– Na sisi tukiwa watatu benchini? Shangazi akauliza. – Ondoa Rivasi.

– Mbona mnaniondoa mimi?

– Ndiwe uliye mwisho. Nyamaza, hutakufa.

Wakahesabu midomoni bila kunyanyuka. Watu watatu, kubadilishana mara mbili, namna tatu. Mita akasema tatu, Shangazi akasema tatu, hata Rivasi, aliyeondolewa, akasema tatu.

Wakatazamana kama watu waliosikia mlango ukigongwa katika nyumba isiyo na mlango.

– Nimejua, Rivasi akasema. – Fundi aliyechonga benchi ndiye aliyechora kichochoro. Kamba moja ya kupimia.

– Benchi nililikuta jalalani, mzee, Kamishna akasema.

– Basi mwenye jalala ndiye aliyechora.

– Acha zako, Mita akasema. – Mimi nasema hivi. Kila tunapobadilishana wawili, huo ni mwendo wa gari moja. Tunabadilishana mara tatu, magari matatu. Sasa gari linataka wapi? Tazama viti viwili vinavyobadilishana. Kile kilicho karibu zaidi na birika, hicho ndicho nafasi ya moyoni. Kiti cha birika ni Mlangoni, kinachofuata Bombani, kinachofuata Kivulini.

– Na kiti changu cha mwisho? Rivasi akauliza. – Mimi sina nafasi?

– Kiti cha mwisho kinawezaje kuwa karibu na birika kuliko mwenzake? Ndiyo maana viti vinne, nafasi tatu.

– Mita, ulilala vizuri?

– Nililala chali, kwa ajili ya goti. Simameni tujaribu. Birika si limeisha?

Lilikuwa limeisha kweli. Benchini walikuwa wamekaa Shangazi, Mita, pengo la Kamishna, halafu Rivasi. Kamishna akarudi kitini pake, na Mita akachagua namna yake ya siku zote, ile inayomnyanyua mara moja tu. Kwanza wakanyanyuka Kamishna na Rivasi, wakabadilishana.

– Kiti cha tatu na cha nne, Mita akasema. – Kilicho karibu na birika ni cha tatu. Gari la kwanza linataka Kivulini. Weka kizibo.

Kamishna, aliyekuwa sasa mwisho wa benchi, akainama akaweka kizibo Kivulini. Kisha akanyanyuka tena, akabadilishana na Shangazi, kiti cha mwisho kwa cha kwanza.

– Cha kwanza. Gari la pili linataka Mlangoni. Weka. Sasa mimi na wewe, pole pole, nishike mkono. Cha kwanza na cha pili. La tatu nalo linataka Mlangoni.

– Mlangoni pamejaa, Kamishna akasema akiwa ameshika mkono wa Mita.

– Basi lisogee.

Kizibo kikasogea Bombani. Vizibo vitatu, viboksi vitatu, kila kimoja na chake. Mita alikuwa amekaa penye birika, Kamishna wa pili, Rivasi wa tatu, Shangazi mwisho, kama utaratibu unavyotaka.

– Bahati, Rivasi akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyeinama kutazama.

Wakajaribu namna nyingine kwa vikombe, goti la Mita lipumzike. Vizibo vikaingia. Wakajaribu ya tatu. Vikaingia. Rivasi akajaribu moja aliyoitunga kwa makusudi mabaya, nayo ikaingia. Hapo akasimama, na benchi likalia.

– Sasa nimeelewa jambo zima. Jana tulibadilishana?

– Jana Mita alikataa kunyanyuka, Shangazi akasema. – Mimi nilimimina mabirika mawili mfululizo.

– Haya, mmesikia wenyewe. Kiti cha kwanza hakikuguswa, na Daktari akatemwa. Hili benchi ndilo usukani wa kichochoro. Sisi tukikaa vibaya, magari yanapotea. Likiondolewa hili, mtaona magari yatakavyopanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

– Ya tatu ni kwangu, sauti ikasema nyuma yao. – Yakipanda, yavue matairi.

Alikuwa Mama Ghorofa mwenyewe, na khanga yake begani, na nyuma yake fundi mwenye sururu. Mama yule hushuka kwa nadra. Magoti yake na goti la Mita yangeweza kuelewana. Wote wakanyanyuka kwa heshima, wakakumbuka benchi, wakakaa, isipokuwa wawili.

– Shikamoo mama, Kamishna akasema.

– Marahaba, mwanangu. Mnacheza, na mimi nina mpangaji anayetaka kuhama.

– Hatuchezi, mama. Tunahesabu.

– Mnahesabu nini?

Kamishna alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, yale ya kumi na sita na ishirini na saba. Akayatafuta, hayakuwepo. Yaliyokuwepo ni yale aliyoyasema Rivasi kwa upuuzi wake: kiti cha kwanza hakikuguswa. Akatazama viboksi. Akachukua vizibo vyote, akaviweka kama vilivyokuwa jana.

– Mama, hapa kwenye benchi, mwenye birika asiponyanyuka, atamimina yeye mpaka kesho. Zamu haiwezi kuzunguka bila kukigusa kiti cha kwanza, hata tubadilishane vipi. Na magari ni hivyo hivyo. Nafasi tatu zinatosha magari matatu. Lakini asipokuwepo hata mmoja anayetaka Mlangoni, basi Mlangoni panabaki patupu, na mtu anatemwa. Ukichora ya nne, wote wataitaka ya nne, maana iko karibu na barabara. Mlangoni patabaki patupu vilevile.

Mama Ghorofa akavitazama vizibo kwa muda.

– Na kwa nini hakuna anayetaka Mlangoni?

Kamishna akatazama kule mwanzo wa kichochoro. Magari mawili yalikuwa Kivulini na Bombani. Mlangoni, kama kawaida, palikuwa na dimbwi. Dimbwi hilo alilifagia yeye kila asubuhi, na kila asubuhi lilirudi, na hakuwahi kuinua shingo.

– Nipe nafasi nikatazame, mama.

– Twende wote.

Wakaenda, taratibu kwa ajili ya magoti. Mama Ghorofa akasimama katikati ya Mlangoni, na tone moja likamdondokea utosini. Akainua uso. La pili likampata kwenye paji. Juu, dirishani kwa Daktari wa Meno, kiyoyozi kilikuwa kinalia, na bomba lake la maji lilikuwa limechomoka, linaning'inia kama mdomo wa mgonjwa.

– Kwa hiyo Daktari anajidondoshea mwenyewe, Mama Ghorofa akasema, akijifuta kwa pembe ya khanga.

– Na mimi nafagia, Kamishna akasema.

Mama yule akacheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka ikabidi ashike mkono wa Kamishna.

– Fundi, weka sururu chini. Nenda ghorofa ya pili, bomba lile liunganishwe mpaka kwenye mfereji. Ukikuta mtu kafumbua mdomo kitini, usimshtue.

– Na benchi, mama? fundi akauliza.

– Benchi limekukosea nini?

Kamishna akavua kofia, akaivaa tena.

Walipofika benchini, Mama Ghorofa alikuwa anahema. Shangazi akajisogeza, Rivasi akajisogeza, benchi likapiga kelele kidogo kwenye tofali, likakubali. Mama akakaa mwisho kabisa. Birika la pili lilikuwa limeiva. Mita, mwenye zamu, akalimimina lote, na kikombe kisicho na ufa kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mama. Akanywa, akanyoosha miguu, akatazama kichochoro chake kama mtu aliyeoneshwa chumba kipya nyumbani kwake mwenyewe.

– Kumbe huku kuna upepo, akasema. – Kamishna, kila siku unakaa hapa?

– Ndiyo sebule yangu, mama.

Lilimtoka lenyewe. Akategemea Rivasi aseme kitu, lakini Rivasi akapuliza kahawa yake.

– Sebule nzuri, Mama Ghorofa akasema. – Haya, na mimi nikija kukaa, si tutakuwa watano? Tutabadilishana kwa namna ngapi?

Mita akashika ukosi. Pini zilikuwa zilezile. Rivasi akatazama juu, kana kwamba jibu lingedondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Shangazi akaanza kwa vidole, akamaliza vya mkono mmoja, vya pili, akatazama miguu ya Mita.

– Ni zaidi ya pini nilizonazo dukani, Mita akasema mwishowe.

– Na magari yatakuwa mangapi? Mama akauliza tena.

– Watu watano, magari manne, mama, Kamishna akasema.

– Basi chora. Si nilisema nataka nafasi ya nne?

Shangazi akaliinua birika, akalitikisa, halikusema kitu. Kahawa ilikuwa imeisha, na kwa utaratibu ilikuwa wakati wa kubadilishana, lakini hakuna aliyenyanyuka. Kamishna akaomba chaki. Akainama pale pale alipokaa, na baada ya Kivulini, mbele ya viatu vya Mama Ghorofa, akachora kiboksi cha nne, ukubwa wa kizibo.